Makaburi ya Mirihi

Raha ya kuchora ramani ya Mirihi ni kwamba kule hakuna jirani. Kwa miaka kumi na miwili Batuli Pazi, mwanajiolojia wa sayari, alichora mabonde na makorongo ya sayari ile nyekundu akiwa ameketi kitini chuoni Dar es Salaam, na katika miaka yote hiyo hakutokea mtu hata mmoja wa kumwambia mpaka umesogezwa, wala kwamba pale alipopaka njano ni shamba la marehemu babu yake. Alichora, akafuta, akachora tena, na Mirihi ikanyamaza. Kilichokuja kumtoa jasho ni Namalewa, kitongoji cha nyumba hamsini na kitu huko kusini, mbele ya Njinjo, alikozaliwa.

Na tusimpambe: hakwenda Namalewa kwa kuwakumbuka ndugu. Alikwenda kwa ajili ya Kipara, uwanda wa udongo mwekundu nje ya kitongoji, mgumu, wenye mawe na vikorongo, ambao tangu enzi za mababu haujawahi kuotesha hata muhogo. Na muhogo si mmea wa kuchagua.

Picha za Mirihi hupigwa kutoka juu na vyombo vinavyoizunguka, na picha ya juu husema uongo. Kivuli hujifanya shimo, vumbi hujifanya mwamba. Kwenda kuhakikisha kwa miguu haiwezekani. Basi wenye fani hiyo hutafuta mahali hapa duniani panapofanana na kule, wakapapiga picha kwa setilaiti, kisha wakapatembea jiwe kwa jiwe wajue picha imesema kweli wapi na wapi imedanganya. Wakishajua, wanaifundisha kompyuta, nayo kompyuta huenda kuisoma Mirihi kwa niaba yao. Batuli alipekua picha za nchi nzima kutafuta uwanda wa namna hiyo, na katika maelfu ya picha iliyomfaa kuliko zote ikawa ya Kipara, mahali alipokuwa akikatisha utotoni kwenda kuchota maji.

Alikuwa na haraka. Ramani ilitakiwa iwe imefika kwa wenye mradi ng'ambo mwisho wa Oktoba. Isipofika, bonde lake la Mirihi, alilolijua kuliko kiganja cha mkono wake, wangepewa watu wengine walimalizie wao na waweke majina yao. Miaka kumi na miwili ingekwenda na maji.

Kwa hiyo mwezi wa nane alifika na gari la chuo, akapanga chumba kwenye nyumba ya wageni Njinjo kwa sababu kulikuwa na umeme wa kuchajia vifaa, na ndugu akawasalimia kupitia dirishani. "Shikamoo baba mdogo, nitapita tukae," alimwambia mzee Fakihi, mdogo wake baba yake. "Marahaba, mwanangu, karibu sana," akajibu mzee, na hakukaa akimsubiri, maana alishamzoea. Mama yake Batuli, Mwanaidi, alikuwa amefariki miaka sita nyuma, Batuli akiwa kwenye mkutano wa Mirihi ughaibuni. Alituma rambirambi kwa simu kama mtu baki, akaahidi kuja mkutano ukiisha. Mkutano ukaisha, ukaja muhula wa masomo, ukaja mkutano mwingine.

Siku mbili alizokaa alizitumia kuweka alama kwenye mawe makubwa arobaini ya Kipara, ili siku ya kuyapima asiyachanganye. Alama yenyewe ilikuwa X, kwa rangi nyekundu, na namba pembeni. Alipomaliza akarudi Dar kufuata vipimo vilivyobaki.

Mtu anaweza kusoma hadi akajua mwamba wa Mirihi una umri gani, na asijue X nyekundu ina maana gani katika nchi yake mwenyewe. Mtoto wa chekechea anajua. X nyekundu ukutani maana yake mradi unapita hapo, nawe uondoke. Na kabla hujaondoka atakuja bwana mwenye karatasi kuorodhesha ulicho nacho, nyumba, miti, makaburi ya wazee wako, ili ufidiwe. Huku kwetu kusini watu wamesikia habari za gesi inayokuja muda mrefu hata wamejifunza kuisubiri kwa utaratibu. Leo wanaamka wanakuta X arobaini, tena zimepakwa na binti wa hapahapa aliyesoma hadi vitabu vikaisha. Mwenye macho haambiwi tazama.

Batuli alirudi baada ya siku kumi na mbili, Jumanne, kwa sababu setilaiti ilikuwa ipite Jumatano asubuhi. Alisimamisha gari ukingoni mwa Kipara akadhani amepotea njia.

Uwanda ulikuwa shamba. Mikorosho ilikuwa imesimama kwa mistari, mingine ikiwa matawi tu yaliyokatwa jana na kuchomekwa ardhini, majani yakianza kujikunja kwa jua. Vilikuwapo vibanda vinane visivyo na mtu, kimoja kina kufuli. Na katikati, juu ya ile sehemu tupu aliyoipenda kuliko zote, kulikuwa na makaburi. Alihesabu sitini na manne: matuta marefu ya udongo yaliyopangwa vizuri, yote yamelala mashariki na magharibi kama inavyotakiwa ili maiti aelekee kibla, na kila moja lina kibao kichwani.

"Kumetokea nini?" aliuliza kwa hofu ya kweli. "Kipindupindu?"

"Hapana, mwanangu, wote wazima," akajibu mzee Fakihi, akijifuta udongo mikononi. "Umetufaa sana. Wengine wakisoma wanasahau kwao."

Mkutano wa kitongoji ukaitishwa papo hapo, na Abdulrazak, mwenyekiti, akamkaribisha mgeni aseme. Batuli akasema yote: kwamba hakuna mradi, hakuna bomba wala barabara, kwamba anachora ramani ya Mirihi, ile nyota nyekundu wanayoiona juu, na kwamba anawaomba kwa heshima zote waung'oe ule upuuzi kabla ya kesho saa nne asubuhi. Watu walimsikiliza kwa adabu kubwa, kama wanavyomsikiliza mganga mkuu akisema dawa zipo.

"Huko Mirihi ni mbali kiasi gani?" mwenyekiti akauliza.

"Mamia ya mamilioni ya kilomita."

"Watu wapo?"

"Hakuna mtu."

"Basi ramani ni ya nini?" Abdulrazak akawageukia wenzake, akatabasamu. "Jamani, tusimbane huyu binti. Hawa wenzetu wanakula kiapo. Akisema, atafukuzwa kazi. Sisi tumeelewa, daktari. Mirihi, Mirihi. Hakuna atakayetaja lile jina jingine."

"Hakuna jina jingine!"

"Ndivyo hivyohivyo," akasema mwenyekiti, na watu wakampigia makofi kwa jinsi alivyojua kutunza siri.

Kadiri alivyosema kweli ndivyo walivyozidi kumheshimu. Alikasirika hadi sauti ikakatika, akang'oa mkorosho mmoja kwa mikono yake, na shangazi yake Zuwena akauchomeka tena palepale. Shangazi Zuwena alikuwa dada wa baba yake, mwanamke mfupi wa miaka sabini ambaye hakuwahi kubishana na mtu, kwa sababu hakuona haja ya kungoja matokeo.

Jumatano saa nne setilaiti ikapita, ikapiga picha ya kila kitu, ikaenda zake. Siku yake ilikuwa moja tu.

Dar es Salaam, Batuli alimkabidhi picha ile Theresia, mwanahisabati wa mradi na mlezi wa kompyuta yenyewe. "Imechafuka," alimwambia. "Kuna mambo ya watu humo." Theresia akasema uchafu kidogo unaipa mashine akili, na hata hivyo picha nyingine hawana, na Oktoba haiwasubiri. Mashine ikafundishwa. Ikaachiwa igawe yenyewe maumbo yote iliyoyaona katika makundi, kisha ikapelekwa kulisoma bonde la Mirihi. Baada ya wiki moja simu ikalia.

"Daktari, hebu niambie," alisema Theresia. "Kundi la saba ni nini? Matuta madogo, marefu, yamelala yote mashariki na magharibi. Mashine inasema ina uhakika kabisa. Yamejaa bonde zima. Elfu tatu mia moja na kumi na nane."

Batuli akafungua picha, akaangalia vimistari vilivyozungushiwa rangi kwenye mchanga wa sayari isiyokanyagwa na binadamu tangu iumbwe. Kila kirundo cha mchanga kilicholazwa na upepo mashine ilikuwa imekisoma kama ilivyofundishwa Namalewa.

"Makaburi," akasema.

Theresia akauliza: "Ya nani?"

"Ya kwetu."

Angeweza kucheka, na baadaye alicheka, lakini siku ile aliogopa. Ramani yenye makaburi ya Waislamu elfu tatu huko Mirihi haitumwi ng'ambo. Dawa ilikuwa moja: mashine ionyeshwe makaburi yote sitini na manne ya Kipara, moja moja, urefu wake, kimo chake na mahali pake hasa, iambiwe haya ni ya binadamu, usiyaone tena. Na kufanya hivyo lazima mtu aende akayapime kwa mkono. Zilikuwa zimebaki wiki nne.

Basi mwanzoni mwa Oktoba wakaamka Namalewa wakamwona Batuli anashuka kwenye gari na kamba ya kupimia, karatasi ya jedwali na kalamu. Bwana mwenye karatasi amefika. Ni bibi, lakini amefika.

Hakukuwa na haja ya kuwaita. Kabla hajafika kaburi la kumi, kila kaburi lilikuwa na wafiwa wake. Wanawake walikuwa wamejifunga kanga, wanaume wamevaa kofia, na kila alipokaribia kilio kilianza, akipita kinapungua, kama redio inayozungushwa kitufe. Yeye alihitaji urefu na kimo tu, lakini kila kaburi lilihitaji jina ili namba zisipishane, na hapo ndipo palipokuwa na kazi.

"Huyu ni nani?"

"Babu yangu mzaa baba."

"Alifariki lini?"

Mwenye kaburi akamtazama mkewe. "Zamani," mke akasema. "Alifariki zamani sana, daktari. Alikuwa bado kijana."

Mwingine alikuwa amemzika mama mkwe wake, na mama mkwe mwenyewe alikuwa amesimama pembeni, analia kuliko wote. Abdulrazak alikuwa na makaburi saba, akaeleza kuwa cheo kina majukumu yake. Batuli hakubishana tena na mtu. Alipima, akaandika, akapima, na jua likamchoma mgongo. Pole pole akaanza kuona kuwa kazi yenyewe ilikuwa nzuri, matuta yalikuwa ya kipimo kimoja, na kwamba kuna mtu alikuwa amewasimamia watu hawa wapange safu zilizonyooka kuliko safu za wanafunzi wake.

Kaburi la sitini na nne lilikuwa pembeni, karibu na jiwe lenye X namba kumi na saba. Halikuwa na mliaji. Aliinama kupima urefu, mita moja na sentimita themanini na tano, akaandika, akainua macho kwenye kibao asome jina.

BATULI BINTI PAZI.

Alisoma mara ya pili, kwa sababu mtu hasomi jina lake mahali kama pale mara moja akaridhika. Maandishi yalikuwa ya mkaa, yenye mkono mzuri wa shule za zamani. Aliujua mkono ule. Ndio uliokuwa ukimwandikia barua za karo.

"Baba mdogo," aliita.

Mzee Fakihi akaja, kofia mkononi. Hakukana.

"Umenizika."

"Nyumba yangu ilipangiwa makaburi matatu," akasema mzee. "Mawili nilipata majina. La tatu nikakosa. Nikajiuliza, mwanangu, katika ukoo wetu huu, ni nani ambaye hata tukimwandika hapa hakuna mtu wa kitongoji atakayekutana naye njiani akashtuka?" Alikuna kidevu. "Sikupata mwingine."

"Mimi niko hai!"

"Tunasikia hivyo. Redioni ulisemwa." Hakuwa anamkejeli, na hilo ndilo lililouma. "Usiudhike. Hata ukija hapa, gari liko mbele na wewe uko nyuma ya kioo. Mtoto wa jirani aliniuliza, yule mama mgeni ni nani. Nikamwambia ni mwanangu. Akasema, mbona simjui?"

Batuli alitaka kusema juu ya muhula, na mikutano, na jinsi ilivyo vigumu kupata ruhusa. Alikuwa na maneno hayo tayari, ameyatumia miaka sita. Badala yake akajisikia akiuliza jambo ambalo tangu mwezi wa nane alikuwa amelizunguka kwa gari.

"Mama amelala wapi?"

Mzee Fakihi akamtazama dada yake Zuwena, ambaye alikuwa ameketi juu ya jiwe namba kumi na saba bila kumlilia mtu yeyote. Shangazi akainuka, akajipangusa vumbi.

"Hayupo humu," akasema. "Humu hakuna wa kweli hata mmoja. Twende."

Walitembea nusu saa nzima, wakapita mashamba ya ufuta yaliyovunwa, wakaingia kwenye kichaka ambacho Batuli alikuwa amekipaka kijani kwenye ramani yake ya Kipara akakiandikia "hakuna kitu". Ndani ya kichaka ardhi ilikuwa imelazwa sawa, imetandazwa majani makavu. Hakukuwa na tuta wala kibao.

"Ni hapa," shangazi akasema.

"Mbona hakuna alama?"

"Zilikuwapo. Ulipopaka zile X zako, usiku uleule tulizing'oa zote, za mama yako, za baba yako, za wazee wote wa hapa. Tukasawazisha, tukatandaza majani." Akasema kama anavyoeleza jinsi ya kuficha mbegu zisiliwe na panya. "Wa uongo wakihamishwa hawana hasara. Hawa wakiandikwa kwenye karatasi watafukuliwa. Ulitaka sisi tumkabidhi mama yako kwa watu wa gesi?"

"Shangazi, hakuna gesi. Ni Mirihi."

"Basi hata hao wa Mirihi."

Hapo Batuli akalia. Hakulia kama wale wa Kipara. Alilia vibaya, kwa kukohoa, akiwa amekaa chini na buti zake za kazi, na shangazi akamwacha alie hadi akatosheka. Kisha kwa mazoea tu, mkono ukaenda mfukoni ukatoa kifaa cha kupimia mahali, kile kinachojua ulipo duniani bila kukosea hata hatua moja. Angalau hapa asipapoteze tena.

"Zima hicho," akasema shangazi Zuwena.

"Nisahau tena njia?"

"Kikishaandika, si kitamwambia mwingine? Zima. Njia si hiyo tuliyokuja nayo? Simama. Mkwaju ule uuweke mgongoni. Hesabu hatua thelathini na mbili, utakuta kisiki. Kisikini geukia kibla, hatua kumi na moja. Rudia."

Mtaalamu wa Mirihi akarudia. Alikosea mara mbili, akarudishwa mkwajuni kama mtoto wa madrasa aliyeruka aya, na mara ya tatu akafika. Alisoma Fatiha akiwa amesimama pale, kwa sauti, na shangazi akaitikia amina.

Alipoondoka jioni ile alimsimamisha mzee Fakihi njiani, safari hii akiwa ameshuka garini. "Kile kibao, baba mdogo. King'oe."

"Ukija Idi, tunaking'oa."

"King'oe leo."

"Ukija, mwanangu," akasema mzee kwa upole. "Ukija."

Mashine ilijifunza. Makaburi elfu tatu mia moja na kumi na nane yakafutika Mirihi, yakarudi kuwa mchanga, na ramani ikafika ng'ambo siku mbili kabla ya mwisho wa Oktoba. Wenye mradi waliisifu sana. Waliuliza swali moja tu, kwenye ile ramani ndogo ya Kipara iliyoambatanishwa: kwa nini kichaka cha upande wa kusini kimeachwa cheupe, hakina hata rangi? Batuli akajibu kwa barua kwamba sehemu hiyo haikufikika.

Idi alikwenda. Alikwenda kwa basi hadi Njinjo na bodaboda hadi mlangoni, akalala siku nne kwenye mkeka wa shangazi Zuwena, na siku ya pili alfajiri akaenda mkwajuni peke yake, akahesabu, akafika bila kukosea. Aliporudi akapitia Kipara. Mikorosho yote ilikuwa imekauka, vibanda vimebebwa mabati, matuta yameanza kuoshwa na mvua. Kaburi la sitini na nne tu ndilo lilikuwa limetengenezwa upya. Alisogea akainama kwenye kibao.

Jina lake lilikuwa limefutwa kwa kitambaa chenye maji, limefutwa vizuri, na juu yake mkono uleule wa shule za zamani ulikuwa umeandika HUSSEN ABDULRAZAK, mtoto wa mwenyekiti, aliyekwenda Dar mwaka wa nne huu na simu yake haipatikani.